Kupima Kabla ya Kukata

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Githongo



 Desturi ya mkutano huu ni kwamba karani husoma hesabu za mwaka, kisha hukaa chini. Mwaka huu Halmashauri imetuagiza tuongeze jambo moja, kwa sababu katika hesabu zetu kuna mstari mmoja ulioleta maneno mengi. Mstari huo umeandikwa: "Picha za mgonjwa, mara mbili."

Mzee mmoja aliuliza katika Halmashauri, na swali lake lilikuwa la haki. Alisema: "Uvimbe wa mama huyu tumeuona sote kwa macho yetu, na daktari naye ameuona. Basi kwa nini twalipia picha, tena si moja bali mbili, ilhali fedha za kisu chenyewe zilikuwa bado hazijatimia?" Siku ile hatukuwa na jibu. Tulikwenda kwa waganga tukauliza, tukasoma kadiri tulivyoweza, na leo twaleta jibu. Pamoja na jibu twaleta ungamo, nalo tutalisema mwishoni, kwa kuwa halitafahamika kabla ya mambo mengine kufahamika.

Mama tunayemsema ni mwanachama wetu wa miaka mingi. Yupo hapa leo, na ametupa ruhusa tuyaseme haya, ila jina lake hatutaliandika katika kitabu. Ugonjwa wake ulianza kama kidonda kidogo katika ufizi wa chini, upande wa kushoto, mahali alipong'olewa gego. Alidhani ni pengo lililokataa kupona. Akasukutua kwa maji ya chumvi, akawa anatafuna kwa upande wa pili, akaendelea kuchuma majani ya chai kama kawaida. Miezi mitatu ikapita. Alipokwenda hospitali, daktari alikata kipande kidogo cha nyama ya kidonda kikapelekwa kupimwa, na jibu likarudi kwamba ni saratani.

Watu wengi hudhani kwamba hapo kazi ya kupima imekwisha, na kilichobaki ni kisu. Kumbe sivyo. Kile kipande cha nyama hueleza ugonjwa ni gani. Hakielezi umefika wapi. Na kwa saratani iliyolala juu ya taya, kujua umefika wapi ndiyo nusu ya tiba.

Ugonjwa unavyoingia katika mfupa

Saratani ya kinywa kwa kawaida huanza katika ngozi laini ya ulimi, ya ufizi, ya shavu, au ya sakafu ya kinywa chini ya ulimi. Baina ya ufizi na mfupa wa taya hamna ila nyama nyembamba, na utando unaoufunika mfupa. Ugonjwa ukikua huugusa mfupa, na ukiugusa waweza kuanza kuula. Mara nyingi huingilia pale pale unapougusa. Kwa mtu aliyepoteza meno, ukingo wa juu wa taya huwa umeshuka kimo, na ganda lake lina vipenyo vilivyoachwa na meno yaliyong'olewa. Hapo ugonjwa hupata mlango uliokwisha kufunguliwa.

Waganga wanaotazama mifupa kwa hadubini wametambua namna mbili za kuliwa kwa mfupa. Katika namna ya kwanza ugonjwa husukuma kwa upana, kama mto unavyokula ukingo wake: shimo lina mpaka ulio wazi, na mfupa ulio ng'ambo ya mpaka huo ni mzima. Katika namna ya pili ugonjwa hupenya kwa vidole vyembamba ndani ya uboho, kama mchwa ndani ya nguzo ya ghala. Kila mmoja wetu ameona nguzo ya namna hiyo. Kwa nje yasimama wima, na rangi yake ni njema. Ukiipiga kwa panga, panga lazama. Namna hii ya pili ni mbaya zaidi, na ndiyo ambayo hurudi zaidi baada ya kukatwa.

Tena ndani ya taya la chini kuna mfereji unaopitisha mshipa wa fahamu uendao katika mdomo wa chini na kidevu. Ugonjwa ukiufikia mfereji huo waweza kuufuata. Kwa hiyo daktari humwuliza mgonjwa, "Je, mdomo wako wa chini una ganzi?" Swali hilo huonekana dogo, lakini ni kipimo kisicho na gharama. Mgonjwa asilifiche jibu lake kwa kudhani kwamba ganzi si ugonjwa kwa kuwa haiumi.

Saratani iliyopenya ganda la mfupa na kuingia ndani huhesabiwa katika daraja la nne, hata kama kwa kuutazama uvimbe wenyewe ni mdogo. Mkwaruzo mdogo wa juu katika tundu la jino, kwa saratani iliyoanzia ufizini, hauhesabiwi hivyo. Basi wagonjwa wawili waweza kuwa na kidonda cha ukubwa mmoja, kumbe madaraja yao ni mbalimbali. Macho peke yake hayawezi kuwatenganisha.

Kisu kinategemea kipimo

Sasa twafika penye swali la mzee wetu. Daktari mpasuaji ana njia tatu mbele yake, na hawezi kuchagua bila kujua habari za mfupa.

Kama ugonjwa uko karibu na mfupa lakini haujaushika, aweza kuuondoa pamoja na ule utando, na mfupa ukaachwa. Kama umeushika kwa juu tu, hukata ukingo wa juu wa taya na kuuacha ukingo wa chini usimame, kama mtu aondoaye tabaka la juu la tofali na kuuacha ukuta. Lakini yapasa pabaki mfupa wa kutosha, yapata sentimita moja kwa kimo, la sivyo taya litavunjika siku mgonjwa atakapotafuna. Na kama ugonjwa umeingia katika uboho, hapana budi kipande kizima cha taya kiondolewe, toka juu hata chini, pamoja na mfupa mzima kiasi pande zote mbili.

Tofauti ya njia hizo si ndogo. Mtu aliyebakiwa na ukingo wa chini huweka uso wake na kidevu chake. Mtu aliyeondolewa kipande kizima, taya lake huvutwa upande mmoja, meno hayakutani, na mate humtoka, isipokuwa pengo lijengwe upya. Katika hospitali kubwa hujengwa kwa mfupa mwembamba wa mguu, ule ulio pembeni mwa muundi, unaohamishwa pamoja na mishipa yake ya damu na kushonwa katika mishipa ya shingo. Hiyo ni kazi ya saa nyingi, na kabla yake mishipa ya mguu nayo hupimwa.

Basi daktari akikata pungufu, ameacha ugonjwa ndani, na mgonjwa atarudi akiwa na hali mbaya zaidi. Akikata kupita kiasi, amemnyang'anya mtu taya lake bila sababu. Baina ya makosa hayo mawili hakuna mwongozo ila kipimo.

Wala msidhani kwamba kosa la kukata kupita kiasi ni la kubuniwa. Katika karne iliyopita wapasuaji wengi wa Ulaya na Marekani waliondoa taya pamoja na uvimbe wa ulimi au wa sakafu ya kinywa hata pale mfupa ulipokuwa mzima. Waliamini kwamba ugonjwa husafiri kwa vijia vya maji ya mwili vinavyopita katika utando wa taya. Mwaka 1971 Marchetta na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Buffalo huko Marekani, walionyesha kwamba ugonjwa huufikia mfupa kwa kuusogelea na kuugusa, si kwa kusafiri katika utando huo. Tangu hapo desturi ikaanza kubadilika, na watu wengi wameachiwa mataya yao. Wameachiwa kwa sababu ya kupima.

Mashahidi ni wengi

Wazee wetu wa Njuri Ncheke hawakati shauri la mpaka wa shamba kwa kumsikia shahidi mmoja. Huwasikia jirani wa juu na jirani wa chini, hutembea katika mpaka wenyewe, hutazama mti wa kale uliopandwa hapo. Waganga wa taya hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa kila kipimo kina ukweli wake na udhaifu wake.

Shahidi wa kwanza ni mkono na jicho. Daktari hutia kidole akajaribu kuusogeza uvimbe. Ukisogea juu ya mfupa, ni dalili njema. Ukiwa umeganda kama mzizi katika mwamba, kuna shaka. Hutazama meno yanayolegea, na huuliza habari ya ganzi.

Shahidi wa pili ni picha ya eksirei, ambayo Röntgen aliivumbua mwaka 1895. Kwa taya hutumika picha pana inayoonyesha taya zima toka sikio hata sikio. Ni ya bei nafuu, na yaonyesha meno na kimo cha mfupa. Lakini mfupa hauna budi kupoteza sehemu kubwa ya chokaa yake, yapata theluthi moja au zaidi, kabla ya upungufu kuonekana. Tena mahali pa kidevu kivuli cha uti wa mgongo huja juu ya taya na kuifanya picha kuwa na ukungu. Eksirei ikisema mfupa umeliwa, yafaa kuiamini. Ikisema mfupa ni mzima, yafaa kuuliza tena.

Shahidi wa tatu ni siti skani, inayompiga mgonjwa picha nyingi kama mkate uliokatwa vipande vyembamba. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha hiyo London tarehe 1 Oktoba 1971, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield. Mwaka 1979 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg, na ambaye alianza kulifikiria jambo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali moja ya Cape Town. Basi Afrika nayo ina fungu lake katika chombo hiki. Siti skani huonyesha ganda la mfupa kwa usahihi. Udhaifu wake ni kwamba meno yaliyozibwa kwa madini hutoa mistari inayoharibu picha. Mara nyingine mgonjwa huambiwa ajaze mashavu hewa, ili shavu liachane na ufizi na uvimbe uonekane umetokea upande gani.

Shahidi wa nne ni emarai, isiyotumia miali ya eksirei bali nguvu za sumaku. Huona uboho kuliko nyingine. Lakini jino lililooza, au jeraha la jino lililong'olewa karibuni, huweza kuonekana ndani yake kama ugonjwa ulioenea. Kwa hiyo mgonjwa amwambie daktari ni lini aling'olewa jino, na wapi.

Shahidi wa mwisho ni mfupa wenyewe, siku ya kisu, daktari anapoubandua utando na kuutazama uso wa mfupa. Hapo wengine husema, "Basi tungojee siku hiyo, kila kitu kitaonekana." La, ndugu zetu. Nyama laini yaweza kugandishwa kwa baridi, ikakatwa nyembamba, na ikatazamwa kwa hadubini mgonjwa akiwa angali mezani. Mfupa hauwezi kufanyiwa hivyo, kwa ugumu wake. Yapasa ulainishwe kwanza kwa dawa kali kwa siku kadhaa. Majibu ya mfupa hurudi mgonjwa akiwa amekwisha kushonwa. Kwa sababu hiyo mahali pa kukatia yapasa pajulikane kabla, kwa kuwapatanisha wale mashahidi wengine. Hilo ndilo jibu la sehemu ya kwanza ya swali la mzee wetu.

Jambo hili ni la kwetu

Mwanachama asiseme kwamba hizi ni habari za mbali. Wataalamu watatu, Macigo, Mwaniki na Guthua, walikuja hapa hapa katika kata ndogo ya Githongo, wakatembea nyumba kwa nyumba wakitazama vinywa vya watu wa miaka 15 na zaidi. Walikuwa wakitafuta madoa meupe yasiyofutika, ambayo si saratani, lakini baadhi yake huweza kugeuka saratani. Waliwalinganisha watu 85 wenye madoa hayo na watu 141 wasiokuwa nayo, na habari zao zikachapishwa mwaka 1995. Walikuta kwamba hatari ya kupata madoa hayo kwa mvuta sigara, na kwa mvuta kiraiku, yaani tumbaku ghafi inayosokotwa kwa mkono, ilikuwa mara nane na zaidi kuliko ya asiyevuta. Vileo vya dukani navyo vilikuwa na uhusiano, ingawa si wa nguvu kama tumbaku. Kwa miraa, ambayo wengi wangeitaja kwanza, hawakukuta uhusiano ulio dhahiri. Tusiigeuze habari hii ya miraa kuwa ruhusa ya kutafuna bila kiasi. Lakini tusiifiche ile ya kiraiku, kwa kuwa imetoka katika vinywa vyetu wenyewe.

Twaongeza neno moja kwa wazazi. Uvimbe wa taya la mtoto ni jambo jingine, na haupimwi kwa kipimo cha mtu mzima. Kuna saratani ya watoto ambayo daktari Burkitt aliieleza toka Kampala mwaka 1958. Hiyo hutibiwa kwa dawa, wala si kwa kisu, na hukua upesi mno. Mtoto wa namna hiyo asingojeshwe hata juma moja.

Ungamo la ofisi

Sasa twafika penye sehemu ya pili ya swali: kwa nini picha mbili?

Picha ya kwanza ya mama ililipwa na chama mapema, wala hapakuwa na shida. Picha hiyo ilionyesha kwamba ugonjwa umelikwaruza ganda la juu la mfupa tu. Daktari akaamua kukata ukingo wa juu na kuuacha wa chini, akaandika gharama, na barua ikaletwa ofisini kwetu. Kanuni ya chama yasema kwamba msaada mkubwa hungojea mkutano wa Halmashauri wa kila miezi mitatu. Tukaitia barua katika faili pamoja na nyingine, kwa utaratibu, kama tulivyofundishwa. Ilikaa humo majuma tisa.

Kanuni hiyo hiyo yasema kwamba kwa jambo la haraka Mwenyekiti aweza kuitisha mkutano mdogo. Sisi tulioisoma barua hatukumwambia Mwenyekiti kwamba ni ya haraka. Tuliona neno "picha imekwisha kupigwa", tukadhani kwamba palipo na picha, pana nafasi. Hatukujua kwamba picha ni habari ya siku moja. Mfupa haukungoja faili.

Mama alipofika hospitali na fedha mkononi, daktari alitazama tarehe, akasema picha hii haifai tena. Ikapigwa ya pili. Hiyo ilionyesha uboho umeingiliwa. Njia ikabadilika, na kipande kizima cha taya kikaondolewa. Leo mama anakula uji na vyakula laini, na anangojea kujengewa taya.

Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba majuma yale tisa ndiyo yaliyomnyima ukingo wa taya lake. Daktari naye hakusema hivyo. Lakini hatuwezi kusimama hapa na kusema kwamba siyo. Gharama ya picha ya pili, mzee wetu, haikuletwa na hospitali wala na mgonjwa. Ililetwa na ofisi. Tumekwenda nyumbani kwa mama kuomba msamaha, naye ametukaribisha chai. Jambo hilo limetutia haya kuliko kama angetufukuza.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, picha na kisu vihesabiwe kuwa jambo moja: chama kikilipia picha, fedha za kisu nazo zitafutwe siku hiyo hiyo. Pili, barua yoyote ya daktari inayotaja saratani isitiwe katika faili kabla Mwenyekiti hajaisoma, na mkutano mdogo uitishwe katika muda wa siku saba. Tatu, nauli itolewe kwa watu wawili, mgonjwa na msindikizaji wake, kwa kuwa safari ya kwenda Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na mtu mwenye maumivu ya kinywa hawezi kujisemea.

Na kwa kila mwanachama twatoa ombi moja lisilohitaji kura. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa majuma mawili au matatu, doa jeupe au jekundu lisilofutika, jino linalolegea bila sababu, tundu la jino lisilofunga, ganzi ya mdomo: nenda ukatazamwe. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wazee wetu, mkianza ninyi, vijana watafuata. Maana kijana hawezi kumwambia baba yake afunue kinywa.

Mama alipotupa ruhusa ya kusema haya alitupa na sharti. Alisema tusimlilie mbele ya watu, bali tuitengeneze kanuni. Basi kanuni iko mbele yenu.